Uzinduzi wa Kitabu Ambacho Hakipo Mezani

Hotuba ya Filister Nasipwondi, mhariri wa Kikundi cha Uchunguzi wa Siasa za Ukabila, katika ukumbi wa jamii, Makina, Kibera, Agosti 1977

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu wa heshima, Bwana Chifu, Mwenyekiti wetu, Dakta Ephantus Kihara, wazee wa Makina mliotupokea, wenye ploti kutoka Kawangware mliokuja mkajaza viti vya mbele, wapangaji wa Gatwekera na Mashimoni, ambao ndio wengi kuliko sote na ndio mliosimama, ndugu wageni waalikwa, na ndugu ambao hamkualikwa ila mmefuata harufu ya pilau: hamjambo?

Mpangilio huo wa salamu haukutoka kichwani mwangu. Uliamuliwa na kamati ndogo baada ya ubishi mrefu. Bwana Oyoo alitaka wenye ploti wa Kawangware watajwe kabla ya kila mtu. Dakta Kihara naye alitaka wapangaji wa Gatwekera watangulie hata mbele ya Mheshimiwa Diwani. Najua mmeshaanza kukisia kila mmoja wao ni kabila gani na anatetea watu wa wapi. Nawaomba mngoje kidogo, kwa sababu mtakisia vibaya.

Mbele yenu kuna meza. Imetandikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi vizuri, imezungushiwa utepe mwekundu, na juu ya sahani kuna mkasi mpya. Kadi mlizopelekewa zinasema kwamba leo tunazindua kitabu. Vijana walio pale mlangoni wameshauliza, kwa sauti ambayo hata Bwana Chifu ameisikia, "Madam, kitabu iko wapi?"

Kitabu hakipo. Mimi ni mwandishi wa habari, na tangu nianze kazi nimefundishwa kuweka habari mbaya kwenye sentensi ya kwanza. Leo nimeichelewesha kwa sababu nimekaa mno na wasomi.

Naomba kueleza kimekwenda wapi. Nikimaliza, mtu mmoja aliye humu ukumbini atakuwa na swali la kujibu, na jibu lake ndilo litakaloamua kama kitabu kitarudi.

Kikundi chetu kilianza mwaka wa sabini na mbili. Dakta Kihara, mwalimu wa historia katika chuo kikuu na mtoto wa Kawangware, alikuwa amechoka kusoma vitabu vya wageni vinavyodai kwamba Mwafrika akishika karatasi ya kura anasikia ngoma za ukoo wake. Alisema tuandike wenyewe. Twende walikopanga watu, tuwaulize nani alimpa nani chumba, nani alimnyima, na siasa iliingilia wapi. Akampata Bwana Oyoo, mwalimu wa siasa, aliyelelewa Gatwekera na shangazi yake. Akampata Bi. Kalondu wa jiografia. Halafu akanifuata mimi, nisiye na digrii hata moja, mpaka afisini kwangu gazetini.

Nilimuuliza, "Kwa nini mimi?"

Akanijibu bila kupepesa macho kwamba mimi nina taipureta, na kwamba Waluhya walikuwa bado hawajapata kiti.

Basi hivyo ndivyo kikundi kinachochunguza ukabila kilivyompata mhariri wake.

Shughuli zetu za miaka hii mitano nitazitaja upesi, kwa kuwa hazichukui muda kuzitaja. Jarida letu la kila miezi mitatu limetoka mara moja. Mhadhara wetu wa kwanza wa hadhara ulijaza ukumbi huu hadi madirishani, nasi tukapigiana makofi mgongoni, mpaka mtu mmoja akainua mkono kuuliza ploti zitagawanywa saa ngapi. Tulipoeleza kwamba tumekuja kugawa maarifa, ukumbi ulibaki na nafasi ya kutosha. Mhadhara wa pili tulihudhuria sisi wenyewe, na Bi. Kalondu akasinzia. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa siku hiyo.

Mikutano, hata hivyo, hatukuikosa. Jumamosi moja tulikutana hapa Makina, sebuleni kwa Mzee Murjan Fadlalla, huyu aliyeketi mbele yangu amevaa kofia nyeupe. Jumamosi iliyofuata tulikuwa Kawangware, nyuma ya steji ya basi namba 56, kwa Mwalimu Wangoi, mama yake Dakta Kihara. Yule pale, mwenye kitambaa cha bluu, aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu na bado anatutazama kama ambao hatujafanya kazi ya nyumbani.

Sasa, kikundi hiki kilikuwa na kanuni moja kubwa. Tuliipenda kiasi cha kuipiga chapa juu ya karatasi zetu za barua: hakuna mwanachama atakayeandika kuhusu watu wake mwenyewe. Tuliona kwamba mtu akiandika kuhusu kabila lake atalipendelea, ilhali akiandika kuhusu la mwenzake atakuwa mwadilifu kama mizani ya duka la dawa. Kwa hiyo Dakta Kihara, Mkikuyu, alipewa Wajaluo. Bwana Oyoo, Mjaluo, alipewa Wakikuyu. Bi. Kalondu, Mkamba, alipewa Waluhya, nami nikapewa Wakamba. Kila mtu ametoa kabila, kila mtu amepokea kabila. Je, kuna mpango wa haki kuliko huo? Tulijiuliza swali hilo mara nyingi, na kila mara tulijijibu kwamba hakuna.

Dalili za kwanza zilitokea mezani. Siku moja niliwapikia kuku wanachama wote, na firigisi nikamwekea Bi. Kalondu kama mgeni. Akaisukuma kando.

"Wee Filister, sisi hatufanyi hivyo. Firigisi ni ya mwenye nyumba."

"Sisi nani?"

"Sisi Waluhya."

"Kalondu, wewe umetoka Machakos."

"Ndiyo, lakini mimi nimefanya utafiti."

Nilimcheka, lakini wiki hiyo hiyo nilikuwa gazetini nikigombana na mkubwa wangu kuhusu kichwa cha habari. Habari ilihusu Wakamba, na kama kawaida alikuwa ametia neno la vinyago, kana kwamba kila Mkamba ni mchongaji. Nilimwambia hilo jambo tumelichoka. Akanitazama juu ya miwani, akaniuliza, "Mmelichoka nyinyi akina nani?" 

Wanaume wetu walikuwa wameharibika zaidi. Ilipofika siku ya kuamua sura ipi itangulie kitabuni, tulikuwa Kawangware, kwa Mwalimu. Dakta Kihara alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema sura ya Wajaluo iwe mbele kwa sababu, namnukuu, "tumeonewa vya kutosha."

Bwana Oyoo akaruka. "Mmeonewa na nani? Mwenye ploti analipia maji, analipia ardhi, choo kikijaa ni yeye anaitwa. Nyinyi Wajaluo kazi ni kulalamika tu!"

"Na nyinyi Wakikuyu mnafikiri Nairobi ni shamba la babu yenu!"

Nawakumbusha, ndugu zangu, kwamba aliyesema hayo ya mwisho ni Kihara, na aliyeambiwa ni Oyoo. Mwalimu Wangoi alikuwa ameingia na birika la chai. Akasimama mlangoni, akamgeukia kijana wake.

"Ephantus, nilikuzaa mimi, ama ulizaliwa Kisumu?"

"Mama, tuko katika mkutano wa kitaaluma."

"Nasikia," akasema, akatumiminia chai.

Tulikuwa tumeutibu ukabila kwa kumpa kila mgonjwa kabila la pili. Mwishowe tulipanga sura kwa alfabeti, ushauri ambao mtoto wa darasa la pili angetupa bila kututoza. Kwa alfabeti ya Kiingereza, Wakamba walitangulia. Nilifurahi kuliko ilivyomfaa mhariri.

Kitabu kikaenda kwa mpiga chapa. Prufu zikarudi, zile karatasi za kusomwa mara ya mwisho kabla mashine haijaanza kazi, nasi tukazitandaza hapa Makina, kwenye meza ya Mzee Murjan. Binti yake, Sitelbanat, anauza vitambaa sokoni. Jumamosi akifunga mapema anatuletea chai na kisira, ule mkate mwembamba wa Kinubi. Siku hiyo aliweka sinia chini, akafuta mikono, akauliza swali la kawaida kabisa.

"Baba yuko ukurasa gani?"

Tukaanza kufunua. Dakta Kihara alifunua kutoka mbele, Oyoo kutoka nyuma, wakakutana katikati kwa Waluhya. Hatimaye nilimpata mimi, kwa sababu sentensi ilikuwa yangu. Ilikuwa mwisho wa shukrani, na ilisema: "Tunamshukuru pia Bwana Murjan Fadlalla wa Makina kwa chai." Nilipoiandika niliona fahari juu ya ufupi wake.

Sitelbanat hakupandisha sauti. "Baba amewaambia babu yake alikuja na jeshi gani. Amewaambia hapa palikuwa msitu, na nani walipewa wafyeke. Amewaambia nani alimpangisha nani, mpaka mkamaliza kalamu. Niliwaona mkiandika. Sasa ni chai?"

Bwana Oyoo akajaribu. "Dada, nyinyi mko kwa Wengineo. Kuna aya ya Wengineo."

"Soma."

Akaisoma. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba wengineo wapo.

Ilitokeaje? Hatukuwa na chuki na Wanubi, watu wa Mzee Murjan. Tuliwapenda, tulikula kwao. Lakini kanuni yetu nzuri ilikuwa hivi: ili kabila lipewe mwandishi, lilipaswa kwanza kutoa mwandishi. Wanubi hawakutoa mtu, kwa kuwa hakuna aliyewaomba, na hakuna aliyewaomba kwa kuwa hatukuona kiti kilicho wazi. Isitoshe, tulikuwa tumeizoea mno ile sebule. Mtu haichunguzi nyumba anamokaa kuchunguza nyumba za wengine. Na wakati wenzetu wote walikuwa na mtu wa kuwapigania, hata kama ni yule asiye wao, Mzee Murjan hakuwa na hata Mjaluo bandia kama Kihara.

Mzee mwenyewe alikuwa kitini pake. Nilimuuliza, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niijuayo, anataka nini kutoka kwa kitabu. Nilitarajia aseme ardhi. Mnajua nyote kwamba nyumba alimozaliwa anaishi ndani yake kwa kibali, bila hati ya ardhi. Akasema, "Kitabu chenu hakiwezi kunipa hati, mama. Mimi si mtoto. Lakini wajukuu wangu wakiulizwa shuleni ni kabila gani, wakijibu, wenzao wanacheka, wanasema hakuna kabila kama hilo. Nataka wawe na ukurasa wa kuonyesha. Na mimi nisomewe nikiwa bado nasikia, kwa sababu macho yameshaniacha."

Kesho yake nilikwenda viwandani kumwomba mpiga chapa aturudishie kitabu. Alikuwa ameshafungua makopo ya wino. "Watu wengine wanarudisha kitabu sababu kiko na makosa," akasema. "Hii yenu kosa iko wapi?" Nikamwambia kosa letu haliwezi kuonyeshwa kwa kidole, maana ni lile lisilokuwemo. Akanitazama, akasema nyinyi watu wa chuo kikuu. Sikumsahihisha. Ni mara ya kwanza mtu kunidhania hivyo.

Kadi za mwaliko zilikuwa zimeshatoka, na Mheshimiwa Diwani alikuwa ameshathibitisha. Tuliona afadhali kuwaita watu tuwaambie ukweli kuliko kuwaita tuwaonyeshe ile sentensi ya chai.

Likabaki swali la nani ataandika sura. Hapo ndipo mngeona uungwana wetu. Sisi wanne tuliinua mikono pamoja. Dakta Kihara alisema ana uzoefu wa watu walioonewa. Bwana Oyoo alisema Wanubi ni wenye nyumba, na wenye nyumba ni uwanja wake. Bi. Kalondu alisema atachora ramani. Mimi nilisema nimeshaandika sentensi moja, kwa hiyo nimeanza. Tukawa tunagombania Wanubi mbele ya Mnubi, kila mtu akieleza jinsi anavyowaelewa.

Mzee Murjan akapiga fimbo sakafuni. "Sitaki hata mmoja. Miaka yote nasema, nyinyi mnaitikia. Ndiyo Mzee, kweli Mzee. Ningesema babu yangu alikuja na meli ya angani, mngeandika. Sijui kama mlinisikia. Aandike yule Mwalimu wa Kawangware. Yeye ananibishia. Mtu anayenibishia, najua amenisikia."

Lazima niwaeleze ubishi wenyewe, kwa sababu niliushuhudia. Mwalimu Wangoi aliwahi kufuatana nasi hapa Makina kuona kijana wake anapotelea wapi kila Jumamosi. Mzee alikuwa akieleza habari za msitu na askari, nasi tukiitikia. Mwalimu akamkata.

"Mzee Murjan, nyinyi mlipewa na mzungu. Sisi Kawangware hatukupewa na mtu. Tulikuwa hapo."

"Na mimi nilizaliwa wapi, Mwalimu? Barabarani?"

"Kuzaliwa mahali si kusema ni kwenu."

"Basi nionyeshe kwetu. Nionyeshe, nipande basi leo hii, nikupungie mkono."

Mwalimu aliinua kikombe. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akasema, "Hilo nitalifikiria." Wiki iliyofuata alirudi, na haikuwa siku ya mkutano. Alikuwa amelifikiria, na hakukubali. Akaja tena. Sitelbanat anasema wakati mwingine anafunga kibanda sokoni akidhani nyumbani kuna ugomvi, akifika anakuta wazee wawili na birika moja, kila mmoja ameelekeza kidole kwa mwenzake. Sisi wasomi hatukuwa na habari. Tulikuwa tukitafuta mjadala wa makabila kila kona ya Nairobi, na mjadala wenyewe ulikuwa ukifanyika kwa mwenyeji wetu siku ambazo hatupo.

Tulipompelekea Mwalimu ombi la Mzee, hakufurahi. Alituambia jambo ambalo sitalipaka sukari. Alisema yeye ana vyumba anavyopangisha, na jirani zake wameshamwonya. Wamemwambia: ukiandika kitabuni kwamba mtu akizaliwa mahali ni kwao, kesho wapangaji wako watakuja na kitabu mkononi, waseme wamezaliwa kwenye ploti yako.

Nasikia walio nyuma wanacheka. Walio mbele hawacheki. Hilo ndilo somo zima la siasa za ukabila, na limechukua nafasi ndogo kuliko sura zetu.

Mwalimu alisema hatajibu jikoni. Alisema atajibu mbele ya watu, ili asije mtu akasema alinunuliwa kwa kisira.

Kabla sijamuuliza, nitaje mipango yetu ya uchapishaji, maana kadi iliahidi mipango. Tulikuwa tumekusudia kitabu kitoke kwanza kwa Kiingereza, na cha Kiswahili kifuate baadaye. Kwa kasi yetu, baadaye hiyo ingewakuta wajukuu zetu wakiwa wamestaafu. Tumegeuza. Cha Kiswahili ndicho kitakachotangulia, kwa sababu Mzee atasomewa, na hatasomewa kwa Kiingereza. Jarida tumelifunga, halikuwa limefunguka sana. Kanuni yetu ya karatasi za barua tutaibakiza kwa nyongeza moja: kwamba aliyeandikwa atakuwa na haki ya kumbishia aliyeandika, na ubishi huo utachapishwa hapo hapo, si katika maelezo ya chini kwa herufi ndogo. Na Bi. Sitelbanat Murjan ameingia kwenye kikundi. Ameshaniambia atakaowaandika ni sisi, yaani wasomi, kama kabila, na tayari ana mambo mengi.

Sasa, Mwalimu Wangoi. Ulisema mbele ya watu. Watu ndio hawa, wenye ploti na wasio na ploti. Bila wewe tuna kitabu chenye Wengineo, na mzee asiyependa kungoja. Utaandika?

Naona umesimama. Mwacheni aseme. Dakta, mwache mama aseme, hujaulizwa wewe.

Kwa walio nyuma ambao hamkusikia, nanukuu neno kwa neno, maana hapo sitanii: "Nitaandika. Lakini nitaandika na yale ambayo hatukubaliani, na ni mengi. Na wapangaji wangu wasome vizuri, wasisome nusu. Na Murjan asiniletee chai ya kuninyamazisha."

Mzee Murjan naye amejibu kwamba chai italetwa kama kawaida, na kwamba kunyamaza kwako bado anakungojea.

Basi habari ndiyo hiyo. Mheshimiwa Diwani, wewe ulialikwa kukata utepe, na hatutakurudisha na mikono mitupu. Nyuma ya meza hii kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna sufuria za pilau za akina mama wa Makina. Hakuna njia nyingine ya kuzifikia. Ukikata, utakuwa umezindua chakula, jambo ambalo kikundi hiki kimethibitisha kwamba kinaliweza. Ila kipande kimoja cha utepe mpe Mzee Murjan, na cha pili mpe Mwalimu Wangoi. Siku sura ile itakaposomwa hadharani, kwa sauti, Mzee akiwa kitini pake na wajukuu wake wakiwa mbele, wawili hawa watakuja na vipande vyao, tuvifunge fundo, nawe utakata upya. Na wakibishana ni nani mwenye kipande kirefu, tafadhali msiwaamulie. Tutaandika.

Shukrani zangu ni kwa Mzee Murjan Fadlalla wa Makina, na safari hii si kwa chai peke yake. Kwenu nyote, mlioketi na hasa mliosimama, asanteni kwa kunipa masikio wakati pua zenu zilikuwa jikoni. Karibuni chakula.